Mafini ya jibini si keki iliyonyimwa sukari

Mtu aliyezoea kuoka keki za chai akitaka kujaribu mafini ya jibini, mara nyingi huchukua vipimo vyake vya keki, akaondoa sukari, akatia jibini na kuwasha oveni. Yanayotoka humo yanafahamika: vichwa vimechongoka, ndani mna matundu marefu, chini mafuta yamechuruzika, na ukitafuna ni kama mpira. Lawama huiangukia oveni, au jibini ya bei rahisi. Chanzo halisi huwa ni ile sukari iliyoondolewa bila kitu cha kushika nafasi yake.

Kwenye keki, sukari haileti utamu tu. Inavuta maji na kuyashika, kwa hivyo unga haupati maji yote ya kujengea gluteni, ule utando wa protini unaovutika ambao mpishi wa chapati huutafuta kwa kukanda. Inachelewesha pia kuiva: sukari ikiwa nyingi, wanga wa unga na protini ya mayai hukaza kwenye joto la juu zaidi, na rojo hupata muda wa kufura kabla ya kushikana. Isitoshe, inasaidia kuleta rangi ya kahawia juu. Ukiiondoa, gluteni inajengeka haraka, rojo linakaza mapema na uso unabaki umepauka. Jibini inarudisha sehemu ya hayo. Protini na mafuta yake yanaleta rangi na ulaini, lakini mafuta hayo yamefungwa ndani ya vipande mpaka joto liyayeyushe. Wakati unakoroga, hayakusaidii kitu.

Ndiyo maana mafini ya chumvi yana kanuni zake: mafuta ya maji ndani ya rojo, mikorogo michache sana, na oveni yenye moto mkali mwanzoni.

Vipimo vya mafini 12

Unga wa ngano mweupe gramu 250. Beking pauda vijiko 2½ vya chai, beking soda robo kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kikubwa kimoja (hii ni ya rangi na ya kutuliza ukali wa jibini, hutaionja), pilipili manga nusu kijiko cha chai na, ukiwa nayo, haradali ya unga nusu kijiko. Haradali haisikiki kama haradali. Inainua ladha ya jibini. Kwa upande wa majimaji: mayai 2, maziwa lala mililita 200, mafuta ya kupikia mililita 80. Jibini gramu 150, ambazo 120 zinaingia ndani na 30 zinanyunyizwa juu.

Kijiko cha chai hapa ni cha kupimia, mililita 5, na kikubwa ni mililita 15. Vijiko vya kukorogea chai nyumbani vinatofautiana mno, na tofauti hiyo kwenye soda na chumvi inaonekana mara moja. Unga ni afadhali uupime kwa mizani. Kama huna, utingishe kwanza, uuteke kwa kijiko hadi kikombe cha mililita 250 kijae, kisha usawazishe kwa ubapa wa kisu: hapo unapata kama gramu 125 hadi 130. Ukikizamisha kikombe ndani ya pakiti na kuushindilia, hufika gramu 160, na vikombe viwili namna hiyo vimekuongezea zaidi ya gramu 60 za unga ambazo hukuzipangia maji. Mafini makavu mengi yanaanzia hapo.

Ikiwa unga wako ni ule wenye kujifurisha wenyewe, beking pauda imo tayari, na mara nyingi chumvi pia. Acha vyote viwili, bakisha soda peke yake.

Jibini ipi

Cheda iliyokomaa ndiyo inayofaa kuliko zote. Karibu thuluthi yake ni mafuta, zaidi kidogo ya thuluthi ni maji, na ladha yake ni kali kiasi cha kusikika hata ikizungukwa na unga. Ile changa, laini, isiyo na ukali, inayeyuka vizuri lakini ladha inapotea. Ukilazimika kuitumia, ongeza gramu 30 na usiiache ile haradali.

Mozarela watu huipenda kwa kuvutika kwake. Ina maji mengi, karibu nusu ya uzito wake, na ladha ni ndogo. Ukitia mozarela tupu utapata mafini yenye unyevunyevu katikati na nyuzi zinazogeuka kamba zikipoa. Changanya gramu 50 zake na 100 za cheda, kuvuta utakuona na ladha haitapungua. Jibini ya vipande vya pembetatu, ile inayopakwa kwenye mkate, imetiwa chumvi maalumu za kuzuia mafuta na maji visitengane. Humo ndani inayeyuka ikapotelea kwenye rojo: mafini yanakuwa laini na yenye chumvi, lakini ukiyamega huoni jibini. Paniri nayo ni kinyume chake. Imegandishwa kwa ndimu au siki, na protini iliyogandishwa namna hiyo haiyeyuki kwa moto wowote. Ikate vipande vidogo, ikolezwe bizari na chumvi kwanza, na uitumie pamoja na cheda.

Kwa wanaojali, na hapa Mombasa ni wengi, soma pakiti kuhusu kile kimeng'enya kilichogandishia maziwa. Kinaweza kutoka kwenye tumbo la ndama au kutengenezwa kwa vijidudu, na baadhi ya pakiti huandika wazi, au hubeba alama ya halali.

Chumvi ihesabu pamoja na ya jibini. Gramu 100 za cheda zina chumvi ya karibu gramu 2, kwa hivyo gramu 150 tayari zimekuletea nusu kijiko cha chai. Feta ina zaidi, maana imelala kwenye maji ya chumvi. Ukiitumia, punguza chumvi ya unga hadi kidole na gumba.

Kuikata nako kuna maana yake. Theluthi mbili ya ile ya ndani ikwaruze kwenye greta upande wa matundu makubwa, iliyobaki ikate vipande vya mraba vya nusu sentimita. Iliyokwaruzwa inatandaza ladha kila mahali. Vipande vinaacha vijishimo vya jibini iliyoyeyuka. Vikizidi sentimita moja vinazama, vinavuja mafuta chini na kuacha uwazi juu yake. Usikwaruze laini mno, kwani jibini ya ungaunga huyeyuka mapema na kufanya rojo kuwa zito.

Joto letu linaleta shida yake hapa. Mwezi wa Februari au Machi, kaskazi ikiwa imeshika, jibini iliyokaa mezani dakika kumi inakuwa kama udongo wa kuchezea, na kwenye greta inajikunja bonge moja. Itie kwenye friza dakika 20 hadi 30 kabla ya kukwaruza, kisha nyuzi zake zichanganye na unga mkavu papo hapo. Unga unazivika kila moja koti lake, hazigandani tena na hazizami.

Kinachofurisha, na kwa nini vipimo vya Nairobi vinakudanganya

Beking pauda ni soda na asidi kavu katika mchanganyiko mmoja, pamoja na wanga wa kunyonya unyevu. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1843 na Alfred Bird, mkemia ambaye mkewe hakuweza kula chochote chenye hamira. Nyingi zinazouzwa leo hufanya kazi mara mbili: kidogo zikikutana na maji, na zaidi zikipata joto. Beking soda haina asidi yake, ndiyo maana tunatia maziwa lala. Robo kijiko inatosha kwa mililita 200. Ikizidi, asidi inaisha, soda inabaki, na mafini yanakuwa na rangi ya manjano iliyofifia na ladha ya sabuni. Huna maziwa lala? Weka kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu kwenye maziwa ya kawaida yafike mililita 200, uyaache dakika kumi.

Usibadilishe soda kwa magadi ya kuchemshia maharagwe. Yale yana kaboneti ya sodiamu pamoja na bikaboneti, ukali wake ni mwingine kabisa, na hayapimiki.

Adui wa beking pauda kwetu ni unyevu wa bahari. Kopo likifunguliwa na kufungwa kila wiki jikoni, asidi na soda huanza kushughulikiana humohumo, na baada ya miezi michache unachoteka ni chokaa tu. Jaribu nusu kijiko kwenye maji ya moto robo kikombe. Ikichemka povu kwa nguvu, iko hai. Ikitoa vipovu vichache na kutulia, itupe. Soda ijaribu kwa ndimu au siki. Nunua makopo madogo, yahamishie kwenye chupa ya kioo inayobana kifuniko, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: vipimo vingi vya kuoka tunavyovipata nchini vimejaribiwa bara. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi, gesi inatanuka zaidi ndani ya rojo, na waokaji hupunguza beking pauda ili keki isipande ikaanguka. Ukivichukua vipimo hivyo na kuvishusha pwani bila kuvigusa, mafini yatapanda nusu na kubaki mazito. Hapa tuko usawa wa bahari, basi tia kipimo kamili. Kwa upande wa maji mambo ni kinyume. Unga wetu umeshanyonya unyevu wa hewa, hasa mvua za Mei, na siku kama hizo anza na maziwa lala mililita 180, uongeze zilizobaki ukiona unga haujalowa.

Kukoroga

Chekecha unga, beking pauda, soda, chumvi, sukari na viungo kwenye bakuli kubwa, kisha tia jibini. Kwenye bakuli jingine piga mayai, maziwa lala na mafuta mpaka yawe kitu kimoja. Tumia mafuta ya maji badala ya siagi: yanavika chembe za unga kwa usawa na kuzuia gluteni, na mafini yanabaki laini yakishapoa, ilhali siagi hukaza. Ukipenda ladha ya siagi, gawa nusu kwa nusu, na siagi uiyeyushe na kuipoza.

Washa oveni kabla hujamimina. Chimba shimo katikati ya unga, mimina majimaji yote kwa mara moja, na kwa mwiko bapa kunja kutoka chini kwenda juu. Hesabu: mikunjo 12 hadi 15. Unaacha pale unga mkavu unapotoweka. Rojo litakuwa na mabonge madogo, halitang'aa, na ukiinua mwiko litashikilia kidogo, kisha lidondoke vipande vipande. Likichuruzika kama la pankeki, maji yamezidi. Likivutika kama uzi kutoka kwenye mwiko, gluteni imeshajengeka na hakuna dawa. Mkono unaotaka kuyaondoa yale mabonge ndio unaoharibu. Yanajimaliza yenyewe ndani ya oveni.

Ukitaka kujua ulikoroga kiasi gani, mega moja kwa mikono kutoka juu hadi chini. Yaliyokorogwa vizuri yanakatika kwa urahisi, na ndani matundu ni madogo, ya duara, yametawanyika. Yaliyozidishwa yanang'ang'ania kabla ya kukatika, na utaona vijitundu virefu vimelala wima, vyote vikielekea kileleni. Hiyo ni gesi iliyokwama kwenye utando mgumu, ikatafuta njia moja ya kutokea. Kilele kilichochongoka ni mwisho wa njia hiyo.

Moto

Trei ipake mafuta au samli moja kwa moja. Karatasi za keki hazifai sana hapa, kwa kuwa jibini na uhaba wa sukari vinafanya mafini yagande, na yakiwa ya moto nusu yake hubaki kwenye karatasi. Jaza kila tundu robo tatu, nyunyiza jibini iliyobaki katikati na si pembeni. Inayogusa ukingo wa trei inaungua na kugundisha kichwa, na ukikibandua kinatoka peke yake.

Anza na nyuzi 220 za Selsiasi dakika 6, kisha shusha hadi 190 kwa dakika 12 hadi 14, bila kufungua mlango kipindi cha kwanza. Joto kali la mwanzo linageuza maji kuwa mvuke na kuamsha beking pauda kabla ukingo haujakaza, na hapo ndipo kichwa kinapopatikana. Oveni yenye feni punguza nyuzi 20.

Oveni nyingi za gesi hutoa moto chini tu. Weka trei kwenye rafu ya juu ya katikati, na kama vitako vinaungua, tanguliza sinia tupu kwenye rafu ya chini kukinga moto. Oveni ndogo za mezani zina tatizo la upande wa pili: waya wa juu uko karibu, jibini inakuwa nyeusi dakika ya kumi na ndani bado bichi. Funika kwa karatasi ya foili mara tu rangi inapokolea. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe usiziamini sana. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani kitakuonyesha ukweli, na huenda tofauti ikawa nyuzi 20 au 30.

Kijiti cha kujaribia nacho kinapotosha. Kikipita kwenye kipande cha jibini kinatoka kimenata, ukadhani ni bichi, ukaongeza dakika tano, ukayakausha. Choma sehemu mbili tofauti, na ubonyeze kichwa kwa kidole: kikirudi juu, yameiva. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 96 hadi 98 katikati.

Asiye na oveni ana ufundi wa mkate wa sinia. Sufuria nzito yenye kifuniko bapa, chini mchanga mkavu au vijiwe vya kuinulia, na vikombe vidogo vya aluminiamu juu yake. Ipashe moto dakika 15 kabla. Makaa ya chini yawe machache, ya juu ya kifuniko mengi, na uyapalie upya yakififia. Chungulia dakika ya 20. Sufuria inashika mvuke, basi uso hautakuwa mkavu kama wa oveni, lakini ndani ni laini vilevile.

Yakitoka, yaache dakika 5 tu ndani ya trei ili yakaze, kisha yatoe kwenye waya. Yakiachwa humo, mvuke wake unarudi kwenye vitako, na kwa unyevu wetu yanakuwa chepechepe ndani ya robo saa.

Vya kuongeza

Vyote kwa pamoja visizidi gramu 100, na kila chenye maji kikaushwe kwanza. Mchicha uchemshwe, ukamuliwe mpaka mkono uchoke, ukatwe. Kitunguu maji kikaangwe na kupozwa, kwani kibichi kinatoa maji ndani ya oveni na kuacha mashimo mabichi. Nyanya mbichi ziache kabisa. Kitunguu cha majani, dania na pilipili mbichi iliyotolewa mbegu vinaingia hivyohivyo. Bizari nyembamba ya soko la Markiti, kijiko kimoja cha chai, ikaangwe kavu mpaka inukie na kupondwa nusunusu, inakaa na cheda vizuri kuliko hata pilipili manga.

Tui la nazi linaweza kushika nafasi ya maziwa lala. Halina asidi, kwa hivyo ondoa soda na ufikishe beking pauda vijiko 3. Kwa kuwa tui zito lina mafuta yake, mafuta ya kupikia yashushe hadi mililita 40. Utamu wa nazi utasikika, ongeza pilipili.

Kwa futari, na kwa kesho

Rojo likishachanganywa halisubiri. Soda na asidi zimeshaanza kazi, na jikoni penye joto la nyuzi 30 zinakwenda mbio; baada ya dakika kumi hadi kumi na tano kwenye bakuli, unapoteza sehemu ya kufura kwake. Mwezi wa Ramadhani, andaa unga na jibini kwenye bakuli moja na majimaji kwenye jingine tangu alasiri, vyote viwekwe kwenye friji. Changanya dakika 35 kabla ya adhana ya Magharibi: dakika tano za kukunja na kujaza, ishirini za moto, tano za kwenye trei, na chache za akiba. Kwa kuwa aliyefunga haonji, chumvi ipimwe kwa kijiko, isikisiwe.

Yanaliwa vizuri siku hiyohiyo. Usiyaweke kwenye friji, maana joto la friji ndilo linaloharakisha wanga kukakamaa, na asubuhi unakuta yamekuwa magumu ingawa hayajaharibika. Yatakayobaki, yakishapoa kabisa, yafunge moja moja na kuyatia kwenye friza. Yanakaa hata miezi miwili. Kuyarudisha, yatoe moja kwa moja hadi oveni ya nyuzi 170, dakika 12. Maikrowevu inayalainisha kwa dakika moja na kuyafanya mpira kwa dakika inayofuata, basi ukiitumia, sekunde 30 na uyale papo hapo.